MAMA WA KIJANA ALIYEPOTOKA ABAKI KIKUNDINI

(Mazungumzo ya Kamati ya Malezi mbele ya wanachama na wageni, sherehe ya miaka 10 ya kikundi, Goweko)

  

Wenzetu wameshasoma taarifa ya hisa, mikopo na marejesho, na makofi yamepigwa. Sisi wa Kamati ya Malezi tumepewa jambo lisilo na makofi. Kuna pendekezo limeandikwa katika daftari la mikutano, nalo litapigiwa kura mzunguko mpya utakapoanza. Linasema hivi: mwanachama ambaye mtoto wake amekamatwa kwa wizi au kwa kupiga watu asipewe mkopo, na mtoto akirudia, mama atolewe kikundini.

Waliolileta si watu wabaya. Wana hofu. Sanduku letu linalala ndani ya nyumba ya mwenzetu, na kufuli tatu hazimzuii mtu mwenye panga. Wote tulisikia habari za Dar es Salaam, vile vikundi vya vijana vinavyoitwa Panya Road, jina lililotisha mji miaka ya 2014 na 2015, likarudi tena Septemba 2022 kwa mapanga na vilio. Hofu ya namna hiyo ni ya haki. Lakini kabla ya kunyosha mikono, hebu tuulizane: kijana anafikaje huko? Na tukimtoa mama yake, tunapunguza hatari au tunaiongeza? Swali hilo watu wamelifanyia utafiti kwa miaka mingi, na majibu yake yanatuhusu.

1. JAMBO HILI SI GENI KATIKA NJIA HII

Goweko yetu ni kituo cha Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912. Kabla ya reli ilikuwepo njia ya misafara. Wapagazi waliotoka pwani walipumzika Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Tabora. Kijana wa Kinyamwezi wa wakati ule alikuwa na njia yake ya kuwa mtu mzima: anabeba pembe mpaka Bagamoyo, anarudi na nguo, anaoa, anaheshimiwa. Safari ya pwani ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume.

Katika miaka hiyo hiyo lilikuwepo kundi jingine la vijana, rugaruga. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwatumia sana katika vita vyake, na watemi wengine pia waliwatumia. Wanahistoria wanaeleza kwamba wengi wao walikuwa mateka wa vita, watumwa waliotoroka na wapagazi walioacha misafara. Vijana wasio na mke, wasio na shamba, waliokatika na ukoo wao. Bunduki zilikuwa zimejaa nchini, na aliyewalisha ndiye aliyekuwa baba yao.

Wazee hapa wanajua habari zao kuliko sisi. Tunachotaka kusema ni kimoja tu. Mpagazi, hata akikaa safarini mwaka mzima, alikuwa na kwao pa kurudi. Rugaruga wengi hawakuwa napo. Tushike neno hilo, "kwao", maana utafiti wa siku hizi nao unalirudia kwa maneno mengine.

2. MZIGO WA KUNI

Njia nzuri ya kujua chanzo cha uhalifu wa vijana ni kuwachukua watoto wangali wadogo, kabla hata mmoja hajaiba, na kuwafuata mpaka wawe wazee. Hapo ndipo unapoona kipi kilitangulia. Kazi hiyo ilifanyika London. Mwaka 1961 mtaalamu Donald West alianza kuwafuata wavulana 411 wa mitaa ya kusini ya mji huo, wote wa umri wa miaka 8 hivi, watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Baadaye David Farrington aliiendeleza kazi hiyo, na wavulana wale wakafuatwa mpaka walipovuka miaka 40 na 50.

Mambo yaliyoonekana mapema kwa wale waliokuja kuhukumiwa ni haya: kipato kidogo nyumbani, watoto wengi katika nyumba moja, wazazi wasiojua mtoto yuko wapi na nani, adhabu kali, au zinazobadilikabadilika, leo kipigo kesho kimya, ugomvi wa baba na mama, mzazi au ndugu aliyewahi kufungwa, kushindwa shuleni, na tabia ya pupa, kutenda kabla ya kufikiri. Wataalamu huyaita vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza hatari.

Jamani, tusikilize vizuri hapa. Kihatarishi kimoja si hukumu. Nani kati yetu hakulelewa katika nyumba yenye watoto wengi na fedha kidogo? Kilichoonekana London ni kwamba mambo haya hupandana. Ni kama mzigo wa kuni kichwani. Kuni moja unaibeba ukiimba. Ya pili, ya tatu, bado unatembea. Wanaendelea kukuongezea, na ya saba, ambayo si nzito kuliko zile za kwanza, ndiyo inayokuangusha. Wavulana waliokuwa na vihatarishi vitatu na zaidi wengi wao walihukumiwa, ingawa si wote. Na makosa mengi yalifanywa na wachache: wavulana kama 7 tu katika kila 100 walibeba nusu hivi ya hukumu zote.

Liko jambo jingine linalofariji. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba makosa ya vijana hupanda wakikaribia miaka 20, kisha hushuka. Wengi huacha wenyewe wakipata kazi, mke na majukumu. Mwaka 1993 mtaalamu Terrie Moffitt aliwagawa katika mafungu mawili: wengi wanaokosea ujanani kisha wakaacha, na wachache wanaoanza wakiwa wadogo sana na kuendelea. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 aliyeiba kuku leo, uwezekano ni mkubwa kwamba akifika miaka 25 atakuwa anafuga wa kwake. Isipokuwa kama tumemfungia njia ya kurudi.

3. YANAYOTOKEA NDANI YA NYUMBA ZETU

Msije mkasema hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa hapa Tanzania juu ya ukatili dhidi ya watoto, kwa ushirikiano wa UNICEF, wataalamu wa Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Waliulizwa vijana zaidi ya 3,700 wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana na wavulana, walisema walipigwa ngumi, mateke au mjeledi na mtu mzima wa karibu au mpenzi. Mara nyingi aliyepiga alikuwa mzazi, ndugu au mwalimu.

Akina mama, tukubaliane: kumrudi mtoto ni kazi ya mzazi. Lakini kumrudi na kumuumiza ni vitu viwili. Mtoto anayepigwa kila siku hajifunzi kwamba wizi ni mbaya. Anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na anangoja siku atakayokuwa na nguvu. Vivyo hivyo anayemwona mama yake akipigwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe inakataza adhabu inayopita kiasi ukilinganisha na umri na hali ya mtoto.

Hali kadhalika pombe. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe za viroba, zile zilizouzwa kwa bei ya mtoto wa shule. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini gongo haina kiwanda cha kufungwa. Inapikwa vijijini, na mara nyingine mpishi ni mwanamke mwenzetu anayetafuta karo. Hatumlaumu bila kumpa njia nyingine, na njia nyingine ni mkopo wa kikundi. Mnaona sasa mambo yanavyofungamana?

4. JINA LIKISHABANDIKWA

Tuje kwenye dawa tunazozizoea. Ya kwanza ni kumtangaza. Kijana akikamatwa anazungushwa kijijini na alichoiba kichwani, watoto wakimzomea. Katika utafiti ule wa London, Farrington aliwalinganisha wavulana waliokuwa na tabia zinazofanana, baadhi wakakamatwa na kuhukumiwa, baadhi wasikamatwe. Mwaka 1977 alieleza kwamba waliohukumiwa walizidi kuwa wabaya baada ya hapo kuliko wenzao. Jina la mwizi, likishabandikwa, hugeuka kazi. Nani atamwajiri mwizi? Mwizi mwenzake.

Ya pili ni kumtisha. Marekani waliwahi kuwapeleka vijana watukutu magerezani wakaone mateso ya wafungwa, waogope. Ilivyopimwa vizuri, waliopelekwa walikosa zaidi baadaye kuliko ambao hawakupelekwa.

Ya tatu ni viboko vya sungusungu. Hapa tuseme kwa heshima. Sungusungu walizaliwa huku huku Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wametulinda. Usiku tunalala kwa sababu wao wako macho. Lakini jambazi mwenye silaha na mtoto wa darasa la sita hawapimwi kwa kipimo kimoja. Sheria inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kabisa. Kesi ya mtoto husikilizwa na Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, ile ya Irambo, Mbeya. Toka Goweko mpaka Mbeya ni mbali, mama hawezi kwenda kumwona kila Jumapili. Kwa hiyo kila tunachoweza kukimaliza hapa nyumbani kwa usuluhishi na fidia, afadhali tukimalize hapa. Makosa makubwa, ya kuua, kubaka, kujeruhi, hayo si ya kusuluhisha chini ya mwembe. Yaende polisi, na aliyeumizwa apewe haki yake kwanza.

Sasa turudi kwenye pendekezo. Kumnyima mkopo mama kwa kosa la mwanawe kutafanya nini? Kipato cha nyumba kitashuka: kuni moja. Wadogo zake watarudishwa kwa kukosa sare: kuni ya pili. Baba na mama watagombana juu ya fedha: ya tatu. Mama atatafuta vibarua vya mbali na watoto watabaki bila mtu: ya nne. Kijana mwenyewe atajua kwamba yeye ndiye aliyemponza mama yake, na hatarudi nyumbani: ya tano. Tutakuwa tumemwongezea mzigo yule yule tunayemwogopa, na wadogo zake wawili juu yake. Tuna msemo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli. Lakini mama naye hawezi kufunza huku amefungiwa milango yote.

Na kwa upande wa usalama wa fedha, kikundi hakijawahi kukopesha mtoto. Kinakopesha mama, kwa hisa zake, kwa wadhamini wake, kwa rekodi ya marejesho yake. Kipimo hicho kibaki.

5. KINACHOMKINGA MTOTO

Kama viko vya kumwangusha, viko vya kumkinga. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuata watoto 698 wote waliozaliwa mwaka 1955. Theluthi moja hivi walizaliwa katika taabu kubwa: umaskini, ulevi, ugomvi, wazazi wagonjwa wa akili. Watu walitegemea wote wangeharibika. Lakini katika kila watatu wa hao wenye taabu, mmoja alikua vizuri: akasoma, akafanya kazi, akalea watoto wake kwa upendo. Wanaofanana nao walikuwa na kitu kimoja kikubwa: tangu utotoni palikuwepo mtu mzima mmoja aliyewashika. Wakati mwingine alikuwa bibi, au shangazi, au mwalimu, au jirani. Na hata kati ya waliopotoka ujanani, wengi walijirekebisha walipokuwa watu wazima, wakipata nafasi ya pili.

Mtu mzima mmoja, jamani. Hicho Goweko tunacho kwa wingi.

Wapo watakaosema hayo ni ya watoto wadogo, mkubwa akishaoza ameoza. Tuwapeleke Monrovia, nchini Liberia, nchi iliyotoka vitani. Kule walichukuliwa vijana 999 walioishi kwa wizi, bangi na vurugu. Wakagawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipata mafunzo ya wiki nane ya kutawala hasira na kupanga maisha. Baadhi walipewa dola 200 mkononi. Baadhi vyote viwili, na baadhi hawakupata kitu. Fedha peke yake haikudumu. Mafunzo peke yake yalisaidia kisha yakafifia. Waliopata vyote viwili, wizi na ukatili wao ulipungua kwa nusu hivi, na hata baada ya miaka 10 tofauti ilikuwa bado ipo. Na si kweli kwamba wale vijana walizila fedha zote ulevini, kama watu walivyotabiri.

Karibu zaidi nasi ni Mwanza. Huko vikundi 66 vya wanawake wakopaji vilifanyiwa utafiti. Nusu ya vikundi viliendelea na mikopo tu, nusu vikaongezewa vipindi 10 vya mafunzo juu ya mahusiano, haki na ukatili wa nyumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wanawake waliopata mafunzo walipigwa na waume zao kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Maana yake, kikundi kinaweza kubadili yanayotokea ndani ya nyumba, ila si kwa mkopo mtupu. Panahitajika na mazungumzo. Na nyumba isiyo na kipigo imempunguzia mtoto kuni moja.

6. TUNALOPENDEKEZA

Kwa hayo yote, Kamati inawaombeni mlikatae lile pendekezo, na mahali pake tuweke haya:

(a) Mwanachama ambaye mtoto wake amepata kesi abaki na haki zake zote. Apimwe kwa hisa na marejesho yake, kama mwingine yeyote. Mtoto akivunja mali ya mwanachama, fidia ijadiliwe na familia zote mbili, na mzee mmoja awepo.

(b) Mfuko wa jamii, ambao leo unatoka kwa msiba na ugonjwa, utoke pia kwa shule mwezi Januari. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa, lakini sare, madaftari na chakula havijaondolewa, na Januari ndio mwezi ambao huku kwetu maghala yanakaribia kwisha na mazao mapya bado mbichi. Mtoto anayeacha shule mwezi huo mara nyingi harudi. Vilevile tuangalie upya tarehe ya mgao wetu, uangukie kabla shule hazijafunguliwa.

(c) Kila mwanachama awe na mtoto mmoja asiye wa tumbo lake ambaye anamjua kwa jina, anajua anasoma darasa gani na analala wapi. Yule anayeshinda stesheni akingojea treni, yule ambaye bibi yake haoni vizuri. Hakuna fedha inayotakiwa hapo. Ni kuuliza, "Mwanangu, leo umekula?" na kungoja jibu.

(d) Kila mkutano wa mwisho wa mwezi, baada ya kuhesabu fedha, tuzungumze malezi kwa nusu saa. Tuwaalike mwalimu, afisa ustawi wa jamii, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Na baba nao waje, maana mtoto hana mzazi mmoja. Tujifunze pia kutumia namba 116, ya bure, ya kutoa taarifa mtoto anapoteswa.

(e) Tuwaendee viongozi wa sungusungu na serikali ya kijiji, kwa adabu, tukubaliane kwamba aliye chini ya miaka 18 hazungushwi mtaani wala hachapwi hadharani. Aitwe mzazi, aitwe afisa ustawi, na kama ni kosa kubwa, polisi.

HITIMISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, akina mama, hatusemi kwamba hakuna kijana mbaya. Hatusemi anayeumizwa anyamaze. Tunasema vihatarishi vinajulikana, na karibu nusu ya vile tulivyovitaja viko ndani ya uwezo wa kikundi chenye sanduku, daftari na wanawake wanaojuana kwa majina. Kwa miaka 10 tumejifunza kwamba haba na haba hujaza kibaba. Basi na mzigo wa mtoto nao hupunguzwa hivyo hivyo: sare moja, sahani moja ya ugali, mtu mzima mmoja anayeuliza alikuwa wapi jana usiku.

Kura itapigwa mzunguko mpya ukianza. Kila mmoja apige kwa dhamiri yake. Ila kabla ya kunyosha mkono, amfikirie yule kijana akirudi usiku, njaa inamuuma, na achague: akute mlango wa mama yake uko wazi na moto unawaka, au akute pamefungwa, aende kwa wale watakaomlisha kwa masharti yao.

Kikundi oyee! Malezi bora oyee!